Kilio Ndani ya Kuta Nne

Serlo mwana wa Wido hakuzaliwa Oxmere, na sisi watu wa Oxmere hatukuacha kumkumbusha hilo hata siku moja. Alitoka upande wa pili wa msitu, mtoto wa tatu wa kiume wa mtu mwenye shamba dogo. Kwao, shamba humwendea mtoto wa kwanza, wa pili hupewa ndama, na wa tatu huoneshwa mlango. Serlo alioneshwa mlango akiwa na miaka kumi na mitano. Tangu hapo alilima mashamba ya watu, akavuna ngano ya watu, akalala kwenye mabua ya watu, na kila ilipopita sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, vibarua wanapoagwa, alifunga kitita chake akaenda kutafuta kwingine. Miaka kumi na minne ya maisha hayo humfanya mtu asahau kukaa. Hata akila, mguu wake mmoja ulikuwa ukicheza chini ya meza, kana kwamba ulikuwa umeshaanza safari na kumwacha yeye na bakuli lake.

Hawisa ndiye aliyemtuliza. Alikuwa binti pekee wa marehemu Edmer, mwenye nyumba karibu na daraja na ekari kumi na tano zilizotawanyika vipande vipande katika mashamba matatu ya kijiji. Hakuwa mrembo wa kusimamisha watu njiani, lakini alikuwa na kicheko cha kusikika hadi kanisani, na alipomwona Serlo anahangaika mezani alikuwa akiukanyaga tu mguu wake, akaendelea kula. Walioana. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli ilifika na Serlo hakufunga kitita.

Mwaka wa tatu, katikati ya Kwaresima, Hawisa alishikwa na uchungu. Na hapa lazima niseme jambo moja kuhusu desturi yetu, maana bila hilo hadithi haina mguu wala kichwa.

Mwanamke aliyerithi ardhi akifa, ardhi hiyo inarudi kwa ukoo wake, na mume anatoka na nguo zake. Lakini kama mke alimzalia mume huyo mtoto hai, na kilio cha mtoto kikasikika ndani ya kuta nne za nyumba, basi mume hukaa na ardhi ile mpaka kufa kwake, hata kama mtoto aliishi kwa muda wa kusali Baba Yetu moja tu. Ila kilio hicho lazima wanaume wakiapie, kwa sababu mahakama haipokei neno la mwanamke katika jambo hili. Na chumba cha uzazi, mwanaume hakanyagi. Ukiniuliza nani alitunga sheria ya kudai mashahidi huku akiwafunga mdomo waliokuwepo, nitakujibu kwamba ni mtu ambaye hajawahi kuzaa. Ndiyo sababu kwetu, mke mwenye ardhi akiwa anajifungua, majirani wanaume hubeba benchi wakaketi nje chini ya ukuta, kusikiliza.

Kila mtu Oxmere anajua hilo. Kwa kuwa kila mtu anajua, hakuna aliyemwambia Serlo.

Asubuhi ile alizunguka nyumba nzima akifungua mafundo ya kamba, mikanda na magunia, na kufungua vifuniko vya masanduku, ili uzazi usifungwe. Hapo mkunga Goda alimfukuza. Alipotoka nje alikuta wanaume saba wameketi chini ya dirisha la mkewe, wanatafuna njegere za kukaanga na kutaniana. Hawisa aliguna ndani, na mmoja wao akasema, "Huyo anakuja sasa," kama mtu anayetazama mbio za farasi.

Serlo aliona aibu, kisha aibu ikawa hasira.

"Mnafanya nini hapa?"

"Tumekaa, ndugu yangu," alisema Hamo, fundi wa kuezeka mapaa, mtu mpole na mlevi. "Tumekaa kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu mnamsikiliza mke wangu akiteseka? Hamna wake zenu nyumbani?"

"Wa kwangu alishamaliza kuteseka, kanizoea," alisema Hamo, na wote wakacheka.

"Ondokeni. Nendeni kwa Mama Amice mkanywe, semeni mimi ndiye niliyewatuma. Waiteni na wengine. Ila hapa sitaki kumwona mtu."

Walitazamana. Huenda mmoja wao angefungua mdomo amweleze. Lakini pombe ya shayiri ya Amice, tena ya bure, tena ndani ya Kwaresima, ni kitu ambacho mtu wa Oxmere haitiwi mara mbili. Benchi lilibaki peke yake. Serlo naye, kwa kuwa hakuweza kusimama wala kukaa, alichukua sepetu akaenda kuzibua mfereji kwenye kipande chao cha mwisho kabisa, kule kwenye matete, ambako hata kengele ya kanisa husikika kwa shida.

Aliporudi jua likiwa limeinama, Goda alimpokea mlangoni. Mtoto alikuwa wa kiume. "Alilia," alisema Goda, "nikambatiza kwa mkono wangu nikamwita Wido kama baba yako, kisha akaenda." Hawisa alikuwa hajitambui tena. Kesho yake kabla ya adhuhuri naye alimfuata mwanawe, na wote wawili wakazikwa kaburi moja upande wa kusini wa kanisa.

Siku ya tatu Serlo alimkuta mtu kwenye shamba lake, anapima kwa fimbo ndefu. Alikuwa Ailwin, binamu yake Hawisa, mtoto wa ndugu wa Edmer. Ailwin alikuwa mtu wa miraba minne mwenye uso mwekundu, na tusimwonee: tangu ujana alimlimia ami yake ardhi ile kwa miaka tisa akitegemea siku moja itakuwa yake, kisha Hawisa akaenda kuokota mpita njia.

"Pole, shemeji," alisema Ailwin. "Tumepotelewa sote."

"Unapima nini?"

"Changu. Mahakama ya bwana inakaa baada ya siku tisa, nitadai hapo. Mbegu za shayiri usizitoe ghalani, tafadhali. Na kitanda ni cha ami yangu."

"Mke wangu alizaa. Mtoto alilia."

"Nani alisikia?"

"Goda."

"Goda!" Ailwin alicheka kidogo bila furaha. "Shemeji, wakunga huwaambia hivyo kina baba wote. Angekwambia nini, kwamba alizaliwa jiwe? Nitajie mwanaume. Mmoja tu."

Ndipo hapo, katikati ya shamba, adui yake alipomweleza lile benchi lilikuwa la kazi gani.

Sijui kama umewahi kufanya kosa ambalo kila ukilifikiria mwili mzima unakuwasha. Serlo hakulala, hakula, hakukaa. Alizunguka kijiji mara tatu kwa siku. Aligonga kila mlango na kuuliza kila mwanaume swali lile lile: siku ile ulipita karibu na nyumba yangu? Wengine walimhurumia, wengine walimwambia, "Si wewe uliyetufukuza?" na hilo lilimchoma zaidi kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, na akifumba macho aliiona barabara, kitita begani, mbwa wa kijiji kigeni wakimbwekea. Aliiogopa barabara ile kama mtu anavyoogopa ugonjwa aliokwisha kuugua.

Na chini ya hofu hiyo palikuwa na nyingine, ambayo hakumwambia mtu. Vipi kama Ailwin alisema kweli? Vipi kama Goda alimpa kilio kile kama mtu anavyompa mgonjwa asali, na mtoto hakuwahi kuwa hai hata dakika moja?

Siku ya nne ya zile tisa Hamo alimfuata, amenywea kwa aibu.

"Ndugu yangu, nimefikiri. Mimi nitaapa. Nitasema nilirudi kuchukua kofia yangu, nikasikia."

"Ulisikia?"

"Sikusikia. Lakini ningekaa ningesikia, au siyo? Ni kitu kile kile."

Kwa muda Serlo alilipima jambo lile moyoni, na simlaumu. Akamwacha Hamo pale, akaenda moja kwa moja kwa Goda. Alimkuta anachambua majani ya dawa kizingitini.

"Mama, niambie tena. Alilia kweli?"

"We mtoto, nimekwambia mara ngapi? Alilia. Wewe mwenyewe si ulimsikia?"

"Mimi? Nilikuwa mferejini."

Goda aliacha majani. "Uongo. Nilipomwaga maji kwa dirisha la nyuma, mtoto bado analia kwenye mkono wangu huu, kuna mwanaume alitukana pale chini. Nilimlowesha. Nilidhani ni wewe."

"Kwa nini udhani ni mimi?"

"Nani mwingine kijiji hiki asiyejua kutulia mahali pamoja?"

Serlo aliondoka bila kuaga. Kuna mwanaume alisikia! Alikimbia hadi kwa Amice, muuza pombe, mwanamke mnene mwenye kumbukumbu ya kutisha, maana asiyekumbuka wanywaji wake hawezi kufanya biashara ile. Alimkuta anasafisha mapipa.

"Mama Amice, siku ile nilipowatuma wanaume kwako, nani alikuja na nani hakuja?"

"Uliza nani hakuja, ndiyo rahisi." Amice alijipangusa mikono. "Saba wa kwanza walikwenda kuwaita wengine. Msaga unga alikuja. Mfua chuma alikuja na wanawe. Mchunga nguruwe alikuja na nguruwe mmoja. Hata mzee Drew alibebwa kwenye kiti. Hamo huyo alilala chini ya benchi langu mpaka nikamvuta kwa miguu. Padre alikuwa safarini. Nilijiambia, leo Oxmere nzima iko humu kasoro…"

Wote wawili walilifikia jina kwa wakati mmoja.

"Na yule hapitwi na pombe ya bure," alisema Amice taratibu. "Hajawahi kupitwa tangu abatizwe."

Ailwin. Nani mwingine alikuwa na sababu ya kukaa pale? Serlo aliwafukuza waliomtakia mema, na aliyebaki ukutani, ametega sikio kuliko wote, ni yule aliyeomba kusiwe na sauti.

"Naenda kwake sasa hivi," alisema Serlo.

"Keti!" Amice alimshika mkanda. "Ukimwuliza leo, umempa siku tano za kujifunza kudanganya. Mwulize mahakamani, mkono wake ukiwa juu ya masalia ya mtakatifu, asijue kinachokuja. Mpaka siku hiyo, funga mdomo."

Mwambie samaki akae nchi kavu. Siku tano Serlo aliishi na neno lile kooni. Alikutana na Ailwin kisimani, Ailwin akamsalimu, naye akaitikia. Alikutana naye kanisani akamwachia nafasi. Alizibua mfereji ambao ulikuwa umeshazibuliwa. Alibomoa ukuta wa banda la kuku akaujenga upya, na kuku wakagoma kutaga.

Siku ya mahakama ukumbi wa bwana ulijaa mpaka mlangoni. Msimamizi wa bwana, mtu mkavu mwenye mafua, alikaa mezani na karani wake, na wazee kumi na wawili wa kijiji wakakaa benchi la pembeni. Ailwin alisema yake kwa kifupi: ardhi ni ya babu yake, Hawisa amekufa, hakuna mtoto aliyesikika. Msimamizi alimgeukia Serlo.

"Una mashahidi?"

Goda alipaza sauti kutoka nyuma. "Mimi nipo! Nilimshika mkononi!"

"Mwanamke anyamaze," alisema msimamizi, akapenga kamasi.

"Nimezalisha nusu ya hawa walioketi hapa, na wewe mwenyewe ulitoka kwa—"

"Anyamaze!"

Watu walicheka, na katika kicheko hicho Hamo akasimama, kofia mkononi. "Bwana, mimi nilisikia. Nilirudi kuchukua kofia."

Ailwin hakungoja. "Kofia gani? Ulikuwa kwa Amice, umekufa kwa pombe, ukaburutwa kwa miguu! Kila mwanaume wa Oxmere alikuwa kwa Amice siku ile, na kila mmoja hapa anajua!"

"Kaa chini, Hamo," alisema Serlo. "Asante, lakini kaa." "Bwana Msimamizi, sina shahidi. Ila Ailwin kasema kila mwanaume alikuwa kwa Amice. Wazee wale benchini walikuwepo wote. Nawauliza: nani alimwona Ailwin pale?"

Wazee walitazamana. Mzee Drew alikuna kidevu. Mmoja baada ya mwingine wakatikisa vichwa.

"Nilikuwa nyumbani," alisema Ailwin. "Tumbo lilinisumbua."

"Basi nayaweka yote juu ya kiapo chako," alisema Serlo. "Aweke mkono, bwana. Aape kwamba hakuwa chini ya dirisha langu la nyuma, hakumwagiwa maji, na hakusikia mtoto. Akiapa, naondoka leo hii, na kitanda namwachia."

Ukumbi ulivuma. Msimamizi aliinua uso kutoka kwenye kitambaa chake. "Unajua unachosema? Akiapa, huna rufaa."

"Najua."

Hakujua. Alijua tu kwamba hawezi kungoja tena. Karani alileta kisanduku cha masalia na kukiweka mezani. Ailwin alivua kofia. Alikuja mbele kwa hatua za kawaida, akauweka mkono juu ya kisanduku, akafungua mdomo, na tuliokuwa karibu tuliona jasho likimtoka ingawa ukumbi ulikuwa baridi. Alimtazama Serlo kwa chuki kabisa. Sijawahi kuona mtu akichukiwa vile.

Akautoa mkono.

"Roho yangu siipeleki motoni kwa ekari kumi na tano," alisema. "Laiti zingekuwa thelathini." Hakuna aliyecheka. "Nilikuwepo."

"Ulisikia nini?" aliuliza msimamizi.

"Mtoto."

"Ndani ya kuta nne?"

"Angelilia wapi kwingine? Ndani. Alilia. Andika unachotaka."

Karani aliandika. Msimamizi akachukua fimbo ya mahakama, akamshikisha Serlo ncha moja mbele ya wote: nyumba na ardhi ni vyake mpaka kufa kwake, na baada ya hapo ni vya Ailwin na wanawe. Amice alianza kupiga kelele za furaha. Hamo alimkumbatia mtu asiyemjua. Serlo aliirudisha fimbo, akaangaza macho huku na huku, akaona mgongo wa Ailwin ukitoka mlangoni, akaanza kumkimbilia, akipenya katikati ya watu waliotaka kumpa mkono.

Alimfikia kwenye njia ya darajani. Ailwin hakugeuka.

"Shemeji. Shemeji, ngoja."

"Umepata shamba. Unataka na shati?"

"Ilikuwaje?"

"Nini ilikuwaje?"

"Sauti yake." Serlo alikuwa anahema. "Mimi nilikuwa mbali. Goda ananiambia, lakini Goda angeniambia vyovyote. Wewe umepoteza ardhi kwa kulisema. Nikiuliza mwingine sitaamini."

Ailwin alisimama. Ng'ombe wake wanne walikuwa wakimngoja kwenye jembe la kukokotwa upande wa pili wa daraja, na kwa muda aliwatazama hao tu.

"Mara ya kwanza kasauti kadogo," alisema. "Kama mtu anayeuliza kitu. Kisha akanyamaza, nikasema, basi, limekwisha. Mara ya pili akapiga kelele hasa, ya hasira, nyumba ikajaa." Alikohoa. "Na Hawisa akacheka."

"Alicheka?"

"Si unamjua anavyocheka. Alicheka, akasema, 'Huyu ni baba yake mtupu, hataki kutulia.' Ndipo yule bibi kizee akanimwagia maji."

Serlo aliketi chini, pale pale njiani, kwenye matope ya mwezi wa tatu, akaweka mikono juu ya magoti. Alikaa. Watu walikuwa wanatoka ukumbini na kuja upande wao, wakaita jina lake, naye hakuitikia wala hakuinuka.

"Sema tena," alisema.

Ailwin aliwaangalia ng'ombe wake, akavaa kofia, akaivua.

"Mara ya kwanza kalikuwa kadogo," alisema.